Twende Tukautazame Mji wa Nagasaki

Ndugu msomaji, wageni wengi waendao Japani kutalii huanza na mlima Fuji, wenye urefu wa meta 3,776, na mahekalu ya Kyoto. Vyote vyastahili kutazamwa. Lakini leo twende mbali zaidi, mpaka kisiwa cha Kyushu, katika mji wa Nagasaki, uliokaa kando ya ghuba na nyumba zake zimepanda vilimani.

Kwanza tupande kilima cha Nishizaka. Hapa, tarehe 5 Februari 1597, Wakristu 26 walitundikwa misalabani wakachomwa mikuki. Mdogo wao, Luis Ibaraki, alikuwa na miaka 12. Mwaka 1614 dini ikapigwa marufuku nchi nzima. Mapadre wakafukuzwa au wakauawa, hata asibaki mmoja.

Upande wa mashariki wa mji uko mlima Unzen. Chemchemi zake zafoka maji ya moto na mvuke, na wageni hupenda sana kwenda kuoga huko. Lakini zamani zile Wakristu waliteswa kwa maji hayo hayo ili waikane imani. Nao mlima haujalala: mwaka 1991 wingu la moto na majivu lilishuka likaua watu 43.

Sasa turudi mjini, tuingie kanisa la Oura. Mapadre Wafaransa walilijenga kwa ajili ya wageni wa Kizungu, likaisha mwaka 1864. Tarehe 17 Machi 1865 walifika wanakijiji wa Urakami. Mama mmoja akamnong'oneza Padre Bernard Petitjean kwamba mioyo yao ni sawa na wake, akauliza sanamu ya Bikira Maria iko wapi. Padre alishangaa mno! Watu hawa walikuwa wamekaa zaidi ya miaka 200 bila padre.

Waliwezaje? Waligawana kazi. Mmoja alitunza kalenda ya sikukuu na mifungo, mwingine alibatiza watoto, mwingine alipita nyumba kwa nyumba kupeleka habari. Sala zilitoka kwa wazazi kwenda kwa watoto. Mimi ninayeandika daftari la ubatizo parokiani, namheshimu sana yule mtunza kalenda.

Taabu haikuisha siku ile. Tangu mwaka 1868 serikali iliwahamisha watu wa Urakami zaidi ya 3,000, na zaidi ya 600 wakafa huko uhamishoni. Mwaka 1873 waliosalia waliruhusiwa kurudi. Wakiwa maskini hivyo, walinunua kiwanja cha jumbe, pale pale walipokuwa wakilazimishwa kukanyaga sanamu takatifu, wakajenga kanisa lao juu yake.

Tarehe 9 Agosti 1945 bomu la atomiki lililipuka karibu nalo. Kanisa likabomoka na maelfu ya waumini wakafa. Lakini kengele moja ilifukuliwa nzima, ikalia usiku wa kuamkia Noeli mwaka ule ule. Kanisa lilijengwa tena mwaka 1959. Kengele ya pili, iliyovunjika, ilipata badala yake mwaka 2025, kwa mchango wa Wakatoliki wa Marekani, nchi iliyolitupa bomu lile.

Basi, msomaji, ukisikia sifa za Japani, usiikumbuke milima tu. Wakumbuke na wakulima wa Urakami. Nyumba zao ndizo zilizokuwa kanisa, wakati kanisa halikuwapo.