Kutetemeka Mikono Si Uzee Pekee: Chanzo cha Parkinson Chatafutwa Ndani ya Seli

Mzee anayetetemeka mkono akiwa amekaa kimya, akatembea kwa hatua fupi za kuburuza na uso wake ukakosa bashasha, ni rahisi kudhaniwa kuwa amezeeka tu au amerogwa. Dalili hizo zaweza kuwa za ugonjwa wa Parkinson, ambao mkazi wa Ikoma, mkoani Mara, anaweza kuishi nao miaka mingi bila kuujua kwa jina.

Hilo si jambo la kubuni. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulibaini wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kutambuliwa kuwa na maradhi hayo.

Katika shina la ubongo kuna eneo dogo lenye seli za rangi nyeusi. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe wa kuratibu mwendo wa mwili. Mgonjwa anapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imekwisha kufa, na hii ndiyo sababu watafiti wanataka kujua kinachoziua mapema zaidi.

Mwaka 1912, daktari Friedrich Lewy wa Ujerumani aliona mabonge yasiyo ya kawaida ndani ya seli za ubongo wa wagonjwa. Ilipofika mwaka 1997 ndipo ilipobainika kuwa yamejaa protini iitwayo alfa-sinukleini, iliyojikunja vibaya na kugandana.

Dokezo jingine lilitoka California mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vijana waliojidunga dawa za kulevya zilizochanganyika na sumu kukakamaa ghafla kama wagonjwa wa miaka mingi. Sumu hiyo ilizima mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Rotenoni, iliyotumika kuua wadudu, hushambulia vinu hivyo hivyo, na paraquat, dawa ya kuua magugu, nayo imehusishwa na ugonjwa huu. Kwa mkulima wa pamba wa Serengeti au Bunda, kuvaa glavu na barakoa anaponyunyizia dawa ni tahadhari yenye msingi.

Kwa Waafrika, habari kubwa zaidi ni ya mwaka 2023. Watafiti waliochunguza watu wenye asili ya Afrika, wakiwemo wa Nigeria, waligundua badiliko katika jeni ya GBA1, ambalo ni nadra mno kwa Wazungu. Jeni hiyo huongoza utengenezaji wa kimeng'enya kinachosafisha taka za seli. Aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja hatari yake huongezeka takriban mara 1.5, aliyelirithi kwa wazazi wote wawili, takriban mara 3.5. Kwa muda mrefu tafiti za jeni zilitegemea damu za watu wa Ulaya, na kwa hiyo badiliko hili lisingeonekana huko.

Tiba ya kuukomesha ugonjwa bado haijapatikana. Dawa ya levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, hupunguza ukakamavu na kumrudishia mgonjwa mwendo. Mbegu za upupu nazo zina levodopa, ila kuzisaga na kuzinywa nyumbani ni hatari kwa kuwa kipimo hakijulikani. Mwenye dalili aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho jirani, ambako anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, jijini Mwanza.