JE, WAJUA? Kifua ni kitanda cha njiti
Lyulilo, kwenye soko la vyungu vya Wakisi, wanajua chungu kibichi hakibebwi ovyo. Ndivyo alivyo mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wiki 37. Akiruhusiwa kutoka hospitali, mahali pake si mgongoni bali kifuani pa mama.

Kumbeba hivyo huitwa huduma ya kangaruu, nayo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipopungukiwa mashine za kutunza joto la watoto. Mtoto huvalishwa nepi, kofia na soksi, kisha hufungwa kwa khanga, ngozi kwa ngozi. Shirika la Afya Duniani hushauri saa 8 hadi 24 kwa siku. Baba au bibi pia hupokea zamu.

Akikataa kunyonya, akipoa au akihema kwa shida, mrudisheni hospitali mara moja.