Mwanao Akipanda Mti na Upinde, Muulize Amefungwa na Nini

Kama unaishi Umoja, Kayole, Dandora au Komarock, bila shaka umemwona mzee wa namna hii. Jua likishazama huja na koti zito, tochi, rungu, na upinde wenye mishale michache iliyofungwa kwa kitambaa. Hukaa langoni kando ya jiko la makaa mpaka alfajiri. Watoto humwogopa kidogo na wazazi humtegemea sana, lakini ni nadra mtu kumuuliza alijifunzia wapi kuuvuta upinde ule.

Mimi nilimuuliza mzee wa ploti yetu Novemba iliyopita, na chanzo kilikuwa picha. Mama mmoja jirani ana mwana anayesoma huku akifanya kazi katika jimbo la Minnesota, Marekani. Kijana huyo alimpelekea mamake picha kwa simu. Yuko juu ya mti uliopukutika majani, amesimama kwenye kijukwaa cha chuma kisichozidi upana wa meza ya kahawa, na mkononi ana upinde wenye magurudumu mawili. Wenzake wa kazini walikuwa wamemwalika kuwinda. Mama alicheka, halafu akaingiwa na wasiwasi, akatuletea picha langoni.

Mzee, ambaye kwao ni Kitui, aliisogeza simu karibu na macho. Hakuuliza habari za upinde. Aliuliza, "Huyu amefungwa na nini?"

Tukaitazama picha tena. Hakuwa amefungwa na chochote.

Siku hizi familia nyingi za Eastlands zina mtoto, ndugu au binamu ng'ambo, na mialiko ya aina hii huwafikia. Kijana aliyekulia Jericho au Buruburu hakupata kuwinda hata sungura. Akifika huko anaambiwa anunue upinde na kile ambacho sisi tungekiita dungu la kubeba, na anaona haya kuuliza maswali. Makala haya ni ya kumsaidia yeye, na pia wewe mzazi utakayempigia simu.

Dungu si jambo geni

Neno dungu unalijua kama umekulia shambani. Ni jukwaa la miti ambalo mtu hukaa juu yake kulinda mazao yasiliwe na ndege au nguruwe. Mwindaji naye hulitumia kwa sababu mbili: mnyama hatazami juu mara nyingi, na harufu ya mtu aliye juu haimfikii upesi kama ya aliye chini.

Katika nyika za Ukambani na Tsavo, wawindaji wa zamani walijenga majukwaa kama hayo mitini, karibu na visima na mabwawa ya maji. Walikuwa na Wakamba, na pia Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu. Pinde za Waata zilikuwa na sifa ya kuogopesha: baadhi zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuzivuta, na kwa mishale ya sumu waliwinda hata ndovu. Sumu yenyewe ilitoka kwa mti ambao Wakamba huuita kivai, uliochemshwa mpaka ukawa kama lami nyeusi. Mwaka 1888 mwanasayansi Mfaransa, Léon-Albert Arnaud, aliitenga kemikali iliyomo katika miti ya jamii hiyo. Ni sumu inayoukaba moyo.

Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao huwinda hadi leo, wana somo jingine. Wanapotaka asali iliyo juu ya mbuyu, hupigilia vigingi vya mti katika shina na kupanda kimoja kimoja. Ukimwonyesha Mhadzabe vijingazi ambavyo dukani Marekani huuzwa kwa bei kubwa, atavitambua mara moja.

Kwa hiyo mzee wetu hakuistaajabia picha ile. Alituambia kwamba katika ujana wake alilala juu ya mti akivizia swala wanywe maji. Usingizi ulimchukua. Alipozinduka alikuwa chini, na mguu umevunjika. Alikaa pale mpaka asubuhi, akisikia fisi, kwa kuwa hakuwa amemwambia mtu yeyote anakokwenda. Huo ndio mguu anaouburuta hadi leo, na sote tulidhani ni uzee.

Chagua dungu kwa kutazama mti

Mnyama anayewindwa huko anafanana kiasi na kulungu wetu, ila pembe za dume zina matawi, nazo huanguka kila mwaka na kuota upya. Hafuati njia ile ile siku zote. Akishahisi kuna mtu mahali fulani hubadili mapito, na ndiyo maana wawindaji wengi wamechoka na dungu la kudumu. Wanataka la kubebwa mgongoni, ili leo wawe hapa na kesho kwingine. Madungu hayo ni ya aina tatu.

La kwanza ni la kutundika. Ni kijukwaa chenye kiti, kinachofungwa kwenye shina kwa ukanda, na mtu hukifikia kwa vijingazi vifupi vinavyofungwa kimoja juu ya kingine. Mengi mepesi huwa na uzito wa kati ya kilo 3 na 7, mbali na vijingazi. Linafaa karibu mti wowote, hata uliopinda kidogo au wenye matawi. Ubaya wake ni kwamba lina vipande vingi, na asiyezoea hupiga kelele nyingi gizani.

La pili ni la kupanda nalo. Lina sehemu mbili zinazoukumbatia mti, moja ya kukalia na nyingine ya kukanyagia. Mtu huinua moja, kisha nyingine, akipanda kama kiwavi. Halihitaji ngazi, na kiti chake ni kizuri kwa kukaa muda mrefu. Lakini huwa zito, mara nyingi kilo 8 hadi 11, na linataka mti ulionyooka kama nguzo ya stima, usio na tawi njiani.

La tatu ni tandiko. Hapa hakuna kiti. Mwindaji huvaa kitambaa kipana chenye mikanda kiunoni na mapajani, akaning'inia kwa kamba iliyofungwa mtini huku miguu yake ikikanyaga kibao kidogo. Ndilo jepesi kuliko yote, na faida yake kubwa ni kwamba mtu hufungwa muda wote. Lakini linahitaji mazoezi mengi karibu na ardhi, na wengine huumwa magoti na nyonga.

Ni lipi bora? Kama msitu una miti iliyonyooka na mtu atakaa siku nzima, la pili litamfaa. Kama miti ni ya kila umbo, la kwanza. Kama anatembea mbali na ana subira ya kujifunza, la tatu. Kwa lolote lile, asome uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye chuma chenyewe. Mengi yana kikomo cha kama kilo 136, na hapo huhesabiwa mtu, nguo, buti, mkoba na upinde, si mwili peke yake.

Mti nao uchaguliwe. Uwe hai, usiooza, usiobambuka magamba, na unene wake uwe ule ambao dungu limetengenezewa.

Mkanda kwanza, upinde baadaye

Kijana akiingia dukani, macho yake huenda kwenye upinde. Si ajabu, maana ni chombo cha kupendeza. Upinde wenye magurudumu, yaani makapi, ulibuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen na kupewa hataza mwaka 1969. Makapi hayo humpunguzia mtu mzigo akishauvuta upote wote, hivyo anaweza kusubiri bila mkono kutetemeka. Kwa masafa ya mita 20 hadi 30, anayefanya mazoezi hulenga vizuri.

Hata hivyo, fedha ya kwanza iende kwenye mkanda wa mwili mzima, unaopita mabegani, kifuani na mapajani, kama ule wa mafundi wa stima. Ukanda wa kiunoni peke yake hautoshi, kwa sababu mtu akianguka nao unaweza kumbana tumbo na kumzuia kupumua.

Jambo linalowaponza wengi ni kudhani kwamba mkanda ni wa kufungwa ukishafika juu. Ajali nyingi hutokea mtu anapopanda, anaposhuka, au anapotoka ngazini kuingia kwenye kijukwaa. Kwa hiyo panahitajika kamba ya uhai, inayofungwa juu ya dungu na kufika chini. Juu yake kuna fundo linaloteleza ukilisukuma kwa mkono na kukaza likivutwa ghafla. Mwindaji hujiunga na fundo hilo akiwa bado amesimama ardhini, na hajifungui mpaka miguu yake irudi ardhini.

Kuna kanuni nyingine mbili. Usipande na upinde mkononi wala begani. Ufunge kwa kamba nyembamba, panda, kisha uvute juu. Chembe za mshale huko ni kali kama wembe, kwa kuwa mwindaji anategemea makali yake na wala si sumu. Basi zikae ndani ya podo lenye kifuniko. Na kabla ya kutoka nyumbani, mwachie mtu maelezo ya mahali utakapokuwa na saa utakayorudi, na simu ikae mfukoni, si kwenye mkoba uliotundikwa tawini. Hata aliyeokolewa na mkanda hapaswi kuning'inia muda mrefu, maana damu hukwama miguuni.

Mitumba ina mipaka yake

Sisi watu wa Eastlands tunajua kubana matumizi. Anayesafiri mwezi wa Agosti hupitia Gikomba kwanza, akajipatia koti la sufu na buti kwa bei ambayo ng'ambo hataiona. Afanye hivyo. Kukaa juu ya mti Novemba huko ni baridi isiyo na mfano hapa kwetu, na sufu ya mitumba hupasha joto sawa na mpya.

Lakini mkanda, kamba na nyuzi za dungu zisiwe za mtumba. Jua na unyevu huzila polepole bila jicho kuona. Watengenezaji hutaja muda wa mkanda kutumika, na mkanda uliowahi kumdaka mtu aliyeanguka hutupwa hata ukiwa unang'aa. Madungu mengi mapya huuzwa pamoja na mkanda ndani ya sanduku, kwa hiyo anayenunua kuukuu kwa bei ya kutupa ajiulize mkanda umekwenda wapi. Wala asijitengenezee la mbao na misumari. Mbao huoza, na misumari hulegea.

Vitu vingine ni vichache: tochi ya kichwani, kisu kizuri, maji, kamba ya kuvutia, na mkoba mmoja. Mzee aliuliza swali la pili lililotuchekesha: "Akishampata, atambeba nani?" Dume mkubwa anaweza kupita kilo 90. Swali hilo lijibiwe kabla ya kwenda kilomita tatu ndani ya msitu.

Sheria za huko na za hapa

Huko kila jimbo lina leseni yake, msimu wake na idadi yake ya wanyama, na majimbo mengi humtaka anayeanza ahudhurie mafunzo ya uwindaji kwanza. Kijana asitegemee neno la rafiki; aulize idara ya wanyamapori ya jimbo lake.

Hapa nyumbani habari ni fupi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamwadhibu hata anayewinda kwa ajili ya kitoweo. Kijana anayerudi likizo na upinde wake asidanganyike kwamba nyika ya babu bado inamngoja. Upinde wenyewe, hata hivyo, una uwanja wake katika michezo. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, aliyeibeba bendera ya Kenya alikuwa mlenga shabaha kwa upinde, Shehzana Anwar.

Usiku ule mama jirani alimpigia mwanawe simu pale pale langoni. Kijana alijitetea kwanza: mti haukuwa mrefu, mita tano tu. Mkanda ulikuwamo ndani ya sanduku, hakuwa ameufungua. Mama akamkabidhi mzee simu. Mzee hakumgombeza. Alimwambia, "Mwanangu, mimi nilianguka mita tatu," kisha akamsimulia habari ya ule mguu.

Baada ya wiki moja ilikuja picha nyingine. Kijana hakuwa amepata mnyama. Alikuwa kwenye mti ule ule, na mikanda myeusi imepita mabegani na mapajani juu ya koti, kamba ikipanda nyuma ya kichwa chake. Mama aliileta langoni bila kusema neno. Mzee aliitazama, akaikuza kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na watoto wa ploti, akalikagua lile fundo.

"Sasa awinde," akasema, akarudi kwenye jiko lake.