Hewa Iliyoshindiliwa: Fizikia ya Kuunda Upya Injini ya Turbo Nyumbani

Injini ya petroli haiendeshwi na petroli peke yake. Ili kilo moja ya petroli iungue kikamilifu, zahitajika kilo 14.7 hivi za hewa. Kwa hiyo nguvu ya injini hutegemea kwanza kiasi cha hewa kinachoweza kuingia katika silinda zake. Injini ya kawaida huivuta hewa hiyo kama mtu avutavyo pumzi. Injini yenye turbo hushindiliwa hewa, na hapo ndipo nguvu yake, na pia hatari yake, inapoanzia.

Magari yaliyotumika kutoka Japani yamezifanya injini za aina hii kuwa jambo la kawaida katika miji ya Tanzania na Kenya. Vijana wengi huzifungua wenyewe uani, huzitengeneza upya, na mara nyingi hutaka kuziongezea nguvu. Baadhi yao hufaulu. Wengine huiua katika siku chache injini waliyoilipia kwa akiba ya miaka. Tofauti baina ya hao wawili haitokani na nguvu za mikono wala bei ya vipuri, bali hutokana na kupima. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini iwe hivyo, kwa kutumia fizikia ambayo mwanafunzi wa sekondari anaifahamu.

Asili ya turbo

Mhandisi wa Uswisi aliyeitwa Alfred Büchi ndiye aliyepewa hataza ya fikra hii mwaka 1905. Alitambua kwamba moshi wa injini hutoka ukiwa bado na joto na mwendo mwingi, na kwamba nishati hiyo hupotea bure. Akapendekeza moshi huo uzungushe gurudumu la mapanga, yaani tabini, na gurudumu hilo lizungushe jingine kwa mhimili mmoja, ambalo litashindilia hewa mpya kuelekea katika silinda. Kwa miaka mingi turbo ilitumika zaidi katika meli, ndege na malori. Katika magari madogo ilianza kuenea baada ya kampuni ya Saab ya Sweden kuonyesha gari lake la turbo mwaka 1977. Wapenzi wa mashindano ya Safari Rally wanakumbuka kwamba Toyota Celica yenye turbo ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986, na Subaru Impreza ikashinda mwaka 1997.

Turbo ni chombo kidogo, lakini mwendo wake ni wa ajabu. Gurudumu lenye kipenyo cha milimita 50, likizunguka mara 150,000 kwa dakika, ukingo wake huenda karibu mita 390 kwa sekunde. Huo ni mwendo unaoupita ule wa sauti hewani. Mhimili unaolishika gurudumu hilo huelea juu ya utando mwembamba wa oili, nao upande mmoja wa mhimili huo hupigwa na moshi wenye joto la mamia ya nyuzi.

Hesabu ya hewa

Hebu tuchukue mfano wa injini ya Subaru EJ20. Ina silinda nne zilizolala, kipenyo cha silinda ni milimita 92 na mwendo wa pistoni ni milimita 75. Mwanafunzi akikokotoa ujazo wake atapata sentimita za ujazo 1,994, yaani lita 2 kasoro kidogo.

Tuseme gari lipo Dar es Salaam, halijoto ya hewa ni nyuzi 30 za Selsiasi, sawa na 303 za Kelvin, na kanieneo ya hewa ni bar 1. Turbo inaongeza bar 0.8, kwa hiyo kanieneo kamili ndani ya bomba ni bar 1.8. Je, hewa imeongezeka kwa asilimia 80? La. Kila aliyewahi kujaza upepo katika tairi la baiskeli anajua kwamba pampu hupata moto, kwa sababu hewa inayoshindiliwa huongezeka joto. Turbo ya kawaida, ambayo ufanisi wake ni kama asilimia 70, itaifikisha hewa hiyo kwenye nyuzi 109 hivi, yaani 382 za Kelvin. Hewa ya moto hutanuka. Kwa kanuni ya gesi tunapata:

1.8 × 303 ÷ 382 = 1.43

Kwa hiyo nyongeza halisi ya hewa ni asilimia 43 tu. Hii ndiyo sababu ya kuweka kipoza-hewa, chombo kinachofanana na rejeta, katikati ya turbo na injini. Kikiishusha hewa hadi nyuzi 50, yaani 323 za Kelvin, hesabu huwa 1.8 × 303 ÷ 323 = 1.69. Nyongeza imepanda hadi asilimia 69 bila kuizungusha turbo kwa kasi zaidi. Fundi anayetaka nguvu hana budi kukumbuka kwamba kuipoza hewa ni njia salama kuliko kuishindilia zaidi.

Kabla ya kufungua

Kosa la kwanza katika kazi ya nyumbani ni kuifungua injini kabla ya kuiuliza inaumwa nini. Kanieneo ya kila silinda ipimwe kwa geji ya kompresheni, na matokeo yaandikwe. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, sababu itafutwe. Moshi wa buluu huonyesha oili inayoungua, na moshi mweupe usiokwisha injini ikishapata moto mara nyingi huonyesha maji yanayoingia katika silinda. Mhimili wa turbo utikiswe kwa vidole, na magurudumu yake yasiguse nyumba yake.

Kutafuta sababu kuna faida kubwa. Turbo iliyokufa kwa kukosa oili, ikibadilishwa bila kusafisha bomba lililoziba, itaiua na turbo mpya katika dakika chache.

Wakati wa kufungua, kila kipande kitiwe alama ya mahali kilipotoka. Kofia za konrodi hazibadilishani nafasi, kwa kuwa kila moja ilichongwa pamoja na konrodi yake. Kisha ni zamu ya mikromita. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali kwa pande mbili zinazokingamana, ili kujua kama imepanuka upande au imekuwa yai. Uso wa silinda hedi hupimwa kwa rula iliyonyooka na fila geji. Ikionekana kwamba silinda zinahitaji kuchongwa, krankshafti kusagwa, au hedi kusawazishwa, kazi hiyo ipelekwe kwenye karakana yenye mashine zake. Kazi ya nyumbani ni kusafisha, kupima na kuunganisha. Hilo si jambo dogo, kwa maana ndilo linaloamua kama kazi ya karakana itafaa.

Pengo la ringi

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi sehemu ndogo ya milimita inavyoweza kuamua uhai wa injini. Ringi ya pistoni ni duara la chuma lililokatwa mahali pamoja. Inapowekwa katika silinda, ncha zake huacha pengo dogo. Wengi hudhani kwamba pengo likiwa dogo zaidi ndipo injini inapokuwa bora, kwa sababu gesi haivuji.

Tukokotoe. Mzingo wa silinda yenye kipenyo cha milimita 92 ni milimita 289. Chuma hutanuka kwa kiasi cha sehemu 11 katika milioni kwa kila nyuzi moja. Ringi ikiwa na joto kuliko ukuta wa silinda kwa nyuzi 100, itarefuka hivi:

289 × 0.000011 × 100 = milimita 0.32

Pengo likiwa milimita 0.25, ncha zitakutana. Ringi haitakuwa na mahali pa kwenda. Itaubana ukuta wa silinda, itaukwangua, na mwishowe itavunja kingo za pistoni. Kwa sababu hiyo mafundi hutumia kanuni ya kadiri ya milimita 4 za pengo kwa kila milimita 1,000 za kipenyo katika injini ya kawaida, na 5 au zaidi katika injini ya turbo iliyoongezewa nguvu. Kwa silinda yetu ni milimita 0.37 na 0.46. Maelekezo ya mtengenezaji wa pistoni ndiyo yafuatwe, lakini sababu yake ni hii: nguvu zaidi ni joto zaidi, na joto zaidi hudai nafasi zaidi.

Utando wa oili

Beringi za krankshafti nazo hutegemea nafasi. Kanuni ya jumla ni sehemu moja katika elfu ya kipenyo. Shingo ya krankshafti yenye milimita 50 huachiwa nafasi ya milimita 0.05 hivi. Katika nafasi hiyo oili hubeba mzigo mzito. Kanieneo ya mwako ikifika bar 80, kani juu ya pistoni yetu ni nyutoni 53,000, sawa na uzito wa zaidi ya tani 5. Chembe ya mchanga mwembamba yaweza kuwa na upana wa milimita 0.1, mara mbili ya nafasi nzima ya oili. Yeyote anayeunganisha injini chini ya mti siku ya upepo na autafakari ulinganisho huo. Sehemu zioshwe, njia za oili zipulizwe, na kila kilichooshwa kifunikwe.

Injini ikishaunganishwa isiwashwe papo hapo. Kwanza izungushwe kwa starta bila kuwasha moto, mpaka taa ya oili izimike, na turbo itiwe oili kwa mkono kabla ya kufungwa bomba lake.

Gharama ya kuongeza nguvu

Turbo huzuiliwa na mlango mdogo unaopitisha sehemu ya moshi pembeni ya tabini kanieneo inapofika kiwango kilichowekwa. Kuuchelewesha mlango huo ni kazi ya dakika chache, ndiyo maana huwashawishi wengi. Lakini tazama kinachofuata.

Katika mizunguko 6,000 kwa dakika, injini yetu, kama silinda zake hujaa, huvuta lita 100 za hewa kwa sekunde, yaani kilo 0.115 bila turbo. Kwa bar 0.8 na kipoza-hewa huwa kilo 0.194. Katika nguvu kamili injini ya turbo hupewa petroli nyingi kidogo kuliko kiasi kamili, tuseme kilo moja kwa 12 za hewa, ili ipoe. Kwa hiyo kila nozeli hutoa karibu sentimita za ujazo 325 za petroli kwa dakika. Fundi akiipandisha turbo hadi bar 1.2, hata kama hewa itabaki na nyuzi 50, nozeli ileile itadaiwa karibu 400. Kama uwezo wake unaishia 350, hewa itazidi, petroli itapungua, na joto ndani ya silinda litapanda. Mchanganyiko utaanza kulipuka wenyewe kabla ya kufikiwa na mwali wa plagi. Huko ndiko injini kugonga, nako kwaweza kuitoboa pistoni kabla dereva hajatambua kilichotokea.

Kwa hiyo anayeongeza hewa lazima apime petroli, aangalie oktani yake, na wakati wa cheche urekebishwe katika kompyuta ya injini. Mahali nako ni sehemu ya hesabu. Nairobi ipo mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni bar 0.82 hivi. Ili kufikia bar 1.8 kamili, turbo ya Dar es Salaam huzidisha kanieneo mara 1.8, bali ya Nairobi huizidisha mara 2.2. Itazunguka kwa kasi zaidi na kuipasha hewa moto zaidi kwa nguvu ileile.

Tusisahau kwamba breki na matairi hayaongezeki nguvu injini inapoongezewa. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati ambayo breki inapaswa kuiondoa huzidi mara nne. Aidha, injini isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haionekani, hainuki, nayo huua. Wala mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Kazi kwa darasa

Mwalimu wa fizikia anaweza kuyafundisha haya kwa vifaa vichache. Pampu ya baiskeli na kipimajoto vitaonyesha joto la hewa inayoshindiliwa. Ringi ya zamani, kipande cha silinda iliyotupwa na fila geji vitaonyesha kutanuka kwa chuma: pengo lipimwe ringi ikiwa baridi, kisha ringi peke yake ipashwe moto katika maji yanayochemka, irudishwe haraka kwa koleo katika silinda iliyo baridi, na pengo lipimwe tena. Wanafunzi wakokotoe kwanza, kisha wapime, na waeleze tofauti baina ya hesabu na kipimo. Miongoni mwao wapo watakaofungua injini za ndugu zao likizo ijayo. Afadhali waende wakiwa na mikromita mkononi na daftari la vipimo kando yao.