Mwenye Cherehani Moja Naye Ana Namba Yake

Nyunzu ni mji ulio kwenye njia ya reli itokayo Kabalo kwenda Kalemie. Sokoni mwake wachuuzi wengi hawana mfanyakazi hata mmoja. Fundi nguo ana cherehani yake moja; mama mwuza mawese ana meza na chupa zake. Wengi wao husema: “Sisi si kampuni. Mambo ya Namba ya Kodi hayatuhusu.” Ndugu wapenzi, hapo wanakosea.

Sheria ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2003 yaagiza kwamba kila apaswaye kulipa kodi, awe mtu mmoja au kampuni, aiombe namba hiyo katika siku 15 tangu kuanza kazi yake. Kwa Kifaransa yaitwa Numéro Impôt. Sheria haikuuliza kama ana watumishi. Wala wadogo hawakusahauliwa: sheria ya mwaka 2013 iliwawekea wenye mauzo yasiyozidi franka 10,000,000 kwa mwaka kodi moja tu, franka 50,000. Kiasi cha mwaka huu kiulizwe ofisini, si barazani.

Tena tusichanganye mambo. Namba si kodi yenyewe. Ni jina la mlipaji katika daftari la Serikali. Wala si patente, yaani karatasi ya biashara ndogo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1979.

Faida yake ni nini? Baba asiye na karatasi hana la kujibu ajapo mtu na mkoba wake kudai fedha. Atalipa leo, atalipa tena kesho kwa mwingine, na fedha ya shule ya watoto itakwisha njiani. Lakini mwenye namba na stakabadhi huzionyesha bila hofu. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Bwana wetu Yezu Kristu, alipoulizwa juu ya kodi ya Kaisari, hakuikataa. Basi Mkristu alipe kilicho haki. Naye apokeaye fedha ya maskini bila kumpa stakabadhi ajue kwamba Mungu amwona.

Enyi akina baba na mama, wekeni karatasi hizo pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wenu, mahali pasipofikiwa na mvua wala mchwa.