Visiki Havijafa

Katika vijiji vyetu vingi mvua za kwanza zikinyesha tunapewa miche ya miti. Tunaipanda kwa shangwe, viongozi wanakuja, ngoma inapigwa. Je, ukienda kuitazama miche hiyo mwezi wa tisa, unaikuta mingapi? Mara nyingi ni michache tu. Mingine imeliwa na mbuzi, mingine imekaushwa na jua. Mwaka unaofuata tunapanda tena mahali pale pale, na pengine katika mashimo yale yale.

Hatusemi kwamba kupanda miti ni kazi bure. Tunasema iko miti mingine ambayo tunayo tayari, nayo tunaipita kila siku tukienda shambani. Iko chini ya ardhi. Ni visiki.

Miti mingi ya porini ikikatwa haifi. Shina limeondoka lakini mizizi ni mizima. Mizizi hiyo imeweka akiba ya chakula, kama muhogo unavyoweka wanga wake. Ndiyo maana kisiki huchipua hata kama hakuna aliyekimwagilia. Mche wa bustanini una mizizi ya urefu wa kiganja, lakini mizizi ya kisiki imekwenda chini kabisa, kwenye udongo ambao bado una unyevu wakati juu pamekauka. Si umewahi kuona miombo ikitoa majani mapya mekundu mwezi wa tisa au wa kumi, kabla halijadondoka hata tone moja la mvua? Maji hayo imeyatoa chini.

Basi kwa nini visiki vyetu havirudi kuwa miti? Kwa sababu kila vinapochipua, mbuzi wanakula machipukizi, moto unapita, au mtu anakata fito. Kisiki kinatumia akiba yake kuchipua tena, mwaka hadi mwaka. Tukikisumbua namna hiyo miaka mingi, akiba inakwisha, nacho kinakufa kweli.

Wenzetu wa Shinyanga wanaijua habari hii vizuri. Tangu zamani Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii humo. Nyasi zinakua, miti inapumzika, na kiangazi kikishika sana, kama mwezi wa saba au wa nane, ngitili inafunguliwa ili ng'ombe wapate cha kula. Lakini miti ya mkoa ule ilipata misukosuko mingi. Wakati wa ukoloni wa Waingereza miti mingi ilikatwa ili kufukuza mbung'o. Kilimo cha pamba kikapanuka. Watu walipohamia vijijini mwaka 1974 na 1975, familia nyingi ziliacha ngitili zao nyuma, zikawa hazina mlinzi. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa peupe, vumbi tupu.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye bustani za miche. Baadaye ilionekana kwamba wananchi wenyewe walipenda zaidi kufufua ngitili, jambo ambalo babu zao walilijua. Mpango ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe! Miti hiyo haikupandwa mmoja mmoja. Sehemu kubwa ilitoka kwenye visiki, mizizi na mbegu zilizokuwa zimelala ardhini. Watu walichofanya ni kufunga eneo na kulilinda.

Ulinzi ndio uliokuwa kazi yenyewe. Kanuni zilipangwa na wananchi katika dagashida, yaani mkutano wa jadi, na sungusungu wakasaidia kuzisimamia. Anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati anatozwa faini. Hapa pana jambo la kuangalia: mwenye ng'ombe wengi anaweza kujifungia eneo kubwa akaliita ngitili yake, na asiye na mifugo akabaki hana hata mahali pa kuokota kuni. Mkutano wa kijiji ulizungumze hilo waziwazi kabla ya kufunga eneo lolote. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji cha Tanzania Bara kutenga msitu wake katika ardhi ya kijiji na kuusimamia chenyewe. Msitu wa kijiji ni wa wote, hata wa mjane mwenye kuku watatu.

Sasa tuje kwenye hali ya hewa. Dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya digrii moja tangu karne ya 19. Sababu kubwa ni hewa chafu inayotokana na kuchoma makaa ya mawe na mafuta, hasa katika nchi zenye viwanda vingi, na pia kukata na kuchoma misitu. Karibu nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni, na ukiichoma inarudi hewani. Tusidanganyane, lakini. Msitu wa kijiji kimoja hautazuia joto la dunia nzima. Sisi tunaulinda kwa sababu ya nyasi, kuni na maji yetu.

Joto likizidi, udongo unakauka haraka. Mvua nazo zinakosa mpango: zinachelewa, zinakuja kwa kishindo siku mbili, kisha jua wiki tatu. Mvua ya kishindo ikianguka kwenye ardhi tupu, maji yanakimbilia korongoni na udongo wetu. Ikianguka penye majani makavu, mizizi na mashimo ya mchwa, maji mengi yanazama. Na katika zile wiki tatu za jua mche mdogo hufa. Kisiki huvumilia. Ndiyo sababu tunasema visiki vina thamani kubwa zaidi leo kuliko zamani.

Kazi yake ni rahisi. Chagua kisiki chenye machipukizi mengi. Acha mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine. Punguza matawi ya chini kwa panga kali, ukikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Funga kitambaa ili wapita njia wajue kisiki kina mwenyewe. Huko Dodoma njia hii huitwa Kisiki Hai. Usiache aina moja ya mti tu, kwa sababu ukame au wadudu wakiishambulia aina hiyo utabaki mikono mitupu. Acha migunga, mikwaju, mipingo, chochote kilichopo. Penye visiki vilivyong'olewa kabisa, hapo ndipo miche inapohitajika.

Limebaki jambo la moto, nalo ndilo gumu. Ngitili haichomwi kamwe, maana nyasi zake ndizo chakula cha ng'ombe. Ilindwe kwa kufyeka njia pana ya kuzuia moto kuizunguka. Lakini katika msitu wa miombo, moto una majira yake. Huko Ndola, Zambia, majaribio yalianza mwaka 1933. Sehemu moja ilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi. Nyingine ilichomwa mwishoni mwa kiangazi. Ya tatu haikuchomwa. Baada ya miaka mingi, ile ya moto wa mwishoni ilikuwa karibu nyasi tupu. Ile isiyochomwa iligeuka kichaka kizito. Ile ya moto wa mapema ilibaki na miombo yake.

Wazee wengi wanasema choma mwezi wa sita. Zamani ilifaa. Lakini mvua zikikatika mapema, mwezi wa sita nyasi zimekwisha kukauka, na moto uliodhaniwa mpole unapanda mpaka matawini. Tazama nyasi, acha kalenda. Zisokote mkononi: zikivunjika zote kwa mlio, umechelewa, usichome mwaka huo. Zikijikunja, nyingine kavu nyingine mbichi, wakati ni huo. Mchome jioni, upepo ukiwa umetulia, mkiwa kikundi chenye matawi mabichi ya kupigia moto na ndoo za maji, na vijiji jirani viwe na habari. Kamati ya mazingira iwe imekubali kwanza.

Machipukizi yachaguliwe kiangazi, kabla kazi za shamba hazijaanza. Yale yatakayokatwa mwaka wa kwanza ni fito na kuni nyembamba. Yagawanywe siku hiyo hiyo, kila kaya ipate fungu lake, ili hata wale waliopinga kufunga eneo waondoke na kitu kichwani.