Krismasi ya theluji: nani ashike koleo?

Tarehe 25 Desemba, jua la Minneapolis huchomoza yapata saa mbili kasorobo asubuhi, na saa kumi na nusu jioni huwa linazama. Katika saa hizo zisizofika tisa, familia za Kenya zilizohamia Minnesota huenda ibada, hukaanga chapati, hugombea simu ya kuongea na bibi kule Kisii, na huzoa theluji. Kazi hii ya mwisho ndiyo inayonigusa zaidi. Humo ndimo nimewaona wanangu wakiwa watu wazima, na baba yao akizoea jambo hilo polepole.

Kwa wataalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Krismasi huhesabiwa kuwa ya theluji iwapo asubuhi hiyo ardhi imefunikwa kwa angalau sentimita 2.5. Hapa kwetu hutokea takriban miaka saba katika kila kumi. Mwaka 2023 haikutokea. Mvua ilinyesha, joto likapita nyuzi 10 za Selsiasi, na sisi wazazi tukachoma mbuzi uani bila glavu, tumefurahi kweli. Watoto walisononeka. Walikuwa wamefunga safari kutoka Dallas, Atlanta na Duluth wakitarajia kukuta weupe waliokulia, wakakuta matope. Siku hiyo nilielewa kwamba kwao nyumbani ni hapa, pamoja na baridi yake yote, na sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Theluji ikianguka, sheria za jiji hazisubiri sikukuu. Mwenye nyumba ya familia moja ana saa 24 tangu inapokoma kuanguka kusafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake. Jiji likitangaza dharura ya theluji, magari huegeshwa kwa zamu, upande mmoja wa barabara na kisha mwingine, ili matingatinga yapite. Asiyefuata hukuta gari limekokotwa. Kwa hiyo, chai ikishanywewa, lazima mtu atoke.

Kwa miaka mingi aliyetoka alikuwa mume wangu. Watoto walipoanza kurudi wakiwa na kazi zao na ndevu zao, bado aliamka kabla yao akaanza peke yake gizani. Kifungua mimba wetu ndiye aliyemfuata nje, akasimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili kama tulivyomfundisha kupokea kitu kwa mkubwa. "Baba, naomba hilo koleo."

Hakupewa. Walibishana hadi jirani akawasha taa.

Mimi nilikuwa upande wa kijana, na bado niko huko. Madaktari wa moyo huonya juu ya kazi hii kila majira ya baridi, hasa kwa watu waliovuka makamo. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo. Mikono nayo hunyanyua mzigo mzito huku mtu amezuia pumzi bila kujua. Moyo hudai hewa nyingi wakati mishipa imesinyaa. Hospitali hupokea watu walioanguka wakizoa theluji, na wengine hawarudi. Heshima gani hiyo ya kumwacha mzee wako aingie hatari kwa sababu tu hajakubali kuketi?

Siku hizi hutoka wote. Kitinda mimba, anayesoma Duluth, ndiye aliyemweleza baba yake kwa nini chumvi yake haikuwa ikifanya kazi: chumvi ya kawaida hudhoofika sana baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hasi, kwa hiyo siku kama hiyo ni heri mchanga, angalau watu wasiteleze. Mzee alisikiliza. Na ni huko nje, wakikwangua barafu bega kwa bega, binti yetu alipomwambia baba yake kwamba anataka kuacha uuguzi akafundishe. Mezani asingethubutu. Mezani kuna macho ya kila mtu, na kuna ile kumbukumbu ya karo tuliyolipa kwa zamu za usiku. Kule nje kila mmoja anatazama theluji yake, na neno zito hupata nafasi ya kutoka. Waliporudi ndani, mume wangu aliniomba tu nimwongezee chai binti yake.

Baada ya Mwaka Mpya wanatawanyika, na theluji haiondoki nao. Mara nyingine huendelea hadi Aprili. Mara ya mwisho walichanga pesa bila kutushauri, wakamlipa kijana wa mtaani azoe msimu mzima. Mume wangu alinuna, akasema nyumba ni yake. Theluji iliyofuata ilianguka usiku. Asubuhi nilimkuta dirishani akimwonyesha yule kijana kwa kidole sehemu alizoruka.